Gurudumu la Mbele la Echodu

Pale steji yetu ya baiskeli za abiria Malaba, karibu na reli, tulikuwa na desturi ambayo hata padri hakuwa na habari nayo. Mwenzetu akifiwa, tunamchukulia gurudumu la mbele. Mwenyekiti wetu Ongodia analifungua mwenyewe kwa spana, analibeba mpaka kwake, analisukuma chini ya kitanda. Baiskeli inabaki kwa mwenye msiba ikiwa imeinamisha pua chini kama ng'ombe anayekunywa maji. Gurudumu halirudi mpaka mwenyewe aje aliombe kwa mdomo wake. Hatumwi mtu, wala halipelekwi kwa huruma.

Desturi hiyo haikutoka hewani. Ongodia alikuwa na mdogo wake aliyemzika mtoto, na kesho yake akapanda baiskeli kurudi kazini. Aliingia chini ya trela la mafuta kama mtu anayeingia kwake. Tangu hapo Ongodia akasema hakuna mtu wa steji yake atakayebeba abiria akiwa amebeba msiba.

Mimi naitwa Ignatius, mtu wa Butula, lakini pale hakuna aliyekuwa na haja na jina hilo. Waliniita Karani kwa sababu nilimaliza kidato cha nne. Ofisi yangu ilikuwa baiskeli nyeusi yenye keria ya sponji, na wateja wangu walikuwa akina mama wa soko wanaovuka kwenda Uganda na kurudi, wanene kuliko walivyokuwa asubuhi, maana vitenge vyote wamevivaa kukwepa ushuru. Kazi yangu ya pili ilikuwa kuchokoza watu. Steji bila mchokozi ni kama chai bila sukari, na mimi nilijaliwa mdomo.

Aliyekuwa anacheka kuliko wote ni Echodu. Mtu wa kabila la Wateso, mrefu, wa upande wa Moding, mapaja kama michi ya kutwangia, kicheko cha kuanzia tumboni. Nikimwambia atoe kodi kwa askari wa kanjo kwa vile miguu yake ni gari mbili, anacheka mpaka anashikilia usukani. Alikuwa anapanda ule mwinuko wa mawe ulio katikati ya Malaba na kwao akiwa na mtu nyuma na bado anapiga mluzi. Sisi wengine pale tunashuka na kusukuma, na tunamwambia abiria tunashuka kwa heshima yake.

Mwezi wa nne mwaka ule mvua ilinyesha mpaka barabara ya Moding ikawa uji. Mkewe, Apolot, alishikwa na malaria. Hakuna gari lililokubali kuingia kwenye yale matope, kwa hiyo Echodu alimkalisha kwenye keria, akamfunga mgongoni kwake kwa leso ili asidondoke, akaanza safari ya hospitali. Alipofika steji alikuwa anahema, na jambo la kwanza alilosema ni, "Mpeni maji, amekauka." Ongodia aliangalia nyuma ya Echodu, kisha akashika usukani wa baiskeli ile kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyefungua leso. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza, ikabidi nitumie meno. Apolot alikuwa amelaza shavu mgongoni mwa mume wake kama mtu aliyesinzia, na hakuwa hai.

Tulimzika. Ongodia akachukua gurudumu.

Tena tukafanya jambo ambalo tuliona ni la kiutu kabisa. Tulipanga zamu za kwenda kukaa na Echodu. Kila siku mtu mmoja wa steji anaenda kwake, wanakaa kwenye benchi chini ya ukingo wa bati, asubuhi mpaka jioni. Tukamkatia kuni, tukamchotea maji, tukamlimia kale kashamba ka wimbi. Akiinuka kushika jembe, tunamwambia, "Kaa, mzee, pumzika. Hii ni kazi yetu." Majirani wakaleta pombe ya wimbi kwenye chungu, na mrija wake wakamwekea mkononi ili asisumbuke kuinama. Hakuna mtu aliyewahi kukalishwa vizuri namna ile.

Yule mtu akaanza kuisha. Msiba wa mwezi wa nne ulifika mwezi wa sita ukiwa mbichi kama siku ya kwanza. Hakuwa analala. Sahani ya ugali ilikuwa inarudi jikoni na alama ya kidole kimoja. Yale mapaja yalikauka mpaka kaptura ikawa inapeperuka kama bendera siku isiyo na sherehe. Mtoto wao, Amoit, msichana wa darasa la pili, ndiye aliyekuwa anakoroga uji, na alikuwa anaukoroga akimtazama baba yake badala ya kutazama sufuria.

Siku yangu ya zamu, Roselida alikuja. Huyo ni dada ya marehemu, ameolewa Chakol, mama mwenye mwili na sauti ya kwaya. Hakuja na ubaya. Alikaa, akamtazama shemeji yake kwa muda mrefu, akasema polepole, "Shemeji, shule ikifungwa nitamchukua Amoit. Akae kwangu na watoto wangu. Wewe huwezi hata kujilisha."

Nilingoja Echodu akatae. Mtu yeyote angekataa, hata kwa kujifanya.

"Mchukue," akasema.

Amoit alikuwa mlangoni na kijiko mkononi. Hakulia. Alirudi ndani, na tukasikia kijiko kinaanza tena kuzunguka kwenye sufuria.

Nilipotoka pale jioni nilikuwa nimechoka kuliko siku ya kubeba magunia, na sikuwa nimebeba hata kuku. Kichwa kizito, usingizi hakuna. Asubuhi nilipata mama mmoja wa kwenda Chakol na debe la samaki. Nilikanyaga pedali nikiwa na hasira ya dunia nzima, na kufika nusu ya njia jasho likaanza kuteremka, pumzi ikafunguka, na nikajikuta namuuliza yule mama kama samaki wake wamelipa nauli. Nilifika nikiwa mwepesi. Wakati wa kurudi bila mzigo ndipo wazo liliponishika. Mimi nimekaa kwenye lile benchi siku moja tu na nikaoza hivyo. Yule amekaa miezi. Mwili wake umezoea kwenda tangu ujana, kila siku Mungu aliyoiweka, na sisi tumeuzima kama redio kisha tunashangaa kwa nini hauimbi.

Nilienda moja kwa moja kwa Ongodia. Alikuwa anapaka mnyororo oili.

"Mwenyekiti, turudishe lile gurudumu la Echodu."

"Amekuja kuliomba?"

"Hajaja. Atakujaje na tumemkalisha mpaka amesahau njia?"

"Basi liko mahali pake."

"Mzee, yule atakufa tukimwangalia. Kukaa ndiko kunamuua."

Ongodia alifuta mikono kwenye suruali. "Karani, umesoma mambo mengi. Umesoma mahali mtu anamtoa ndugu yake chini ya trela kwa vipande?"

Nikautazama ule mnyororo.

"Siku ile mdogo wangu aliniletea spana," akaendelea. "Akasema mkono wake unatetemeka, nimkazie nati. Nikamkazia. Sasa wewe usiniambie habari ya kurudisha gurudumu kwa mtu ambaye hajaweza kusimama mbele yangu na kusema nalitaka. Akija, hata kama nakula, nitaacha chakula. Lakini aje na miguu yake."

Hapo nikaelewa kazi iliyobaki. Gurudumu halikuwa na shida. Shida ilikuwa ile safari ya kulifuata.

Niliwaomba wenzangu zamu zao zote. Walinipa haraka sana, nikajua hata wao lile benchi lilikuwa limewashinda. Kila asubuhi nikawa naacha baiskeli yangu kwa Echodu na kumwambia twende mahali. Siku ya kwanza nilisema twende dukani kwa chumvi.

"Chumvi iko," akasema.

"Ile iko haina nguvu."

Nikamtazama, nikatazama kuku waliokuwa wanachakura uani. "Ona, hata hawa kuku wako wanatembea kukushinda. Yule jogoo ameshaenda kwa jirani mara ngapi leo, na hajafiwa na mtu? Ukiendelea kukaa hapo atataga juu yako."

"Jogoo hatagi," Echodu akasema. Lilikuwa neno lake la pili siku hiyo.

"Basi simama nikuonyeshe yule anayetaga."

Alisimama. Nafikiri alisimama ili nimwache. Tulitembea mpaka barabarani na kurudi, na kwa kuhema kwake ungedhani tumevuka mpaka Kampala. Kesho yake alikataa kabisa, akageukia ukuta. Nikakaa nje na Amoit tukahesabu malori yanayopita mbali. Siku iliyofuata akaja mwenyewe mpaka mtoni. Halafu tukaenda kusaga wimbi, yeye mfuko begani, mimi mdomo. Baadaye tukawa na kawaida: jua likichomoza nafika, uji tunakunywa, tunatoka. Hata siku ya mvua tulitoka, tumejifunika magunia ya nailoni kama wezi wa mahindi.

Nisikudanganye kwamba alikuwa anafurahi. Hakuwa anafurahi. Lakini siku moja Amoit aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya serikali, "Jana papa alikoroma," yaani baba yake. Siku nyingine sahani ilirudi jikoni ikiwa nyeupe. Siku nyingine tena Echodu alitazama mawingu, akauliza kama ni Jumatano, na ilikuwa Jumatano. Nilimwambia, "Karibu duniani, tulikuwekea nafasi."

Kitu ambacho hakukikubali ni kupanda ule mwinuko wa mawe. Tukifika chini yake anageuka. Nikajua kwa nini, kwani ndipo alipompitisha Apolot siku ile, na sikumsukuma, maana hata mchokozi ana mipaka.

Ikawa asubuhi moja ya mwezi wa saba, shule zikikaribia kufungwa, tukafika pale na hakugeuka. Aliendelea kupanda, kichwa chini, mimi nyuma yake. Kileleni kuna jiwe kubwa limeinamia barabara. Echodu aliliwekea mkono.

"Hapa ndipo alinyamaza," akasema. "Nilikuwa namwongelesha tangu nyumbani, na yeye ananijibu. Mmh. Mmh. Hivyo tu. Kufika hapa hakujibu. Nikadhani amelala, nikafurahi, nikasema heri apumzike kidogo. Nikaacha kumwongelesha ndio nisimwamshe."

Upepo ulikuwa unapita kwenye majani.

"Hii miguu, Karani. Imebeba sukari mpaka Tororo. Imebeba watu wanene ambao hata majina yao sijui. Siku moja tu ndiyo niliiomba kitu cha maana, ikachelewa. Ndiyo sababu nilisema ikae. Ikae tu mpaka ikauke."

Nilielewa basi kwamba wakati sisi tulidhani tunampumzisha, yeye alikuwa ameifunga ile miguu kifungo, na sisi tumekuwa askari wa kumlindia.

"Echodu," nikasema, "mimi ndiye nilifungua ile leso."

"Najua."

"Basi nisikilize. Nilipokuwa napambana na lile fundo nilikuwa nimepiga magoti nyuma yako, uso wangu kwa miguu yako. Matope yalikuwa yamefika mapajani. Na ile miguu ilikuwa inatetemeka. Umesimama, baiskeli imesimama, lakini miguu inaendelea kukanyaga. Ongodia alikuwa ameshika usukani ndio wewe usianguke. Mimi naona miguu ya watu kila siku, ni kazi yangu. Ile haikuchelewa. Ile ilikuwa imefika mwisho wake na ikaenda tena."

Alikaa kwenye jiwe akalia kwa sauti, mtu mzima, mchana peupe. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na kikapu akasimama, akaweka kikapu chini, akangoja kwa adabu upande wa pili wa barabara mpaka alipomaliza. Kisha akachukua kikapu chake akaenda. Na sisi tukarudi nyumbani, na njiani Echodu akasema kamasi yangu ni nyingi kwa mtu aliyesoma. Sikujua kama nilikuwa nalia.

Siku ya kufunga shule nilikuwa steji, kwa sababu hata mimi nilikuwa na tumbo la kulisha. Nilijua Roselida angekuja siku hiyo kumchukua mtoto. Nilimwona asubuhi akipita kwenye baiskeli ya kijana wa Chakol, amekaa upande, mkoba mapajani.

Sikuwa nimemaliza hata maandazi yangu nikamwona Echodu anakuja kwa miguu, peke yake, shati limelowa mgongoni. Alikuwa amepita njia ya mkato ya mashambani na kuupanda mwinuko peke yake. Alisimama mbele ya Ongodia.

"Mwenyekiti, nimekuja kuomba gurudumu langu."

Ongodia alimtazama usoni, kisha mikononi. "Nyoosha mikono."

Echodu akanyoosha. Tuliitazama ile mikono sote kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ilitulia.

"Utabeba nani?" Ongodia akauliza.

"Mtoto wangu."

Ongodia aliacha chai yake pale juu ya kreti, akaenda nyumbani, akarudi na gurudumu. Alikuwa ameliosha. Spoku zilikuwa zinang'aa, na nikajua kwamba kwa miezi yote ile alikuwa analitoa chini ya kitanda na kulipangusa. Akampa na spana. "Nati utakaza mwenyewe," akasema.

Nilimwambia Echodu apande nyuma yangu nimpeleke haraka. Alikataa. Alilisukuma lile gurudumu kwa mkono barabarani, anakimbia kidogo, anatembea, anakimbia tena, kama mtoto na tairi lake, na mimi nyuma kwenye baiskeli nikiwaambia watu wapishe, gari la mheshimiwa linapita na dereva amebaki nje.

Tulimkuta Roselida uani. Nguo za Amoit zilikuwa zimefungwa kifurushi, na mtoto amekaa juu yake, viatu vya shule miguuni. Echodu hakumsalimu mtu. Aligeuza baiskeli, akapachika gurudumu, akakaza nati ya kushoto, akakaza ya kulia, akalizungusha na kulisikiliza.

"Shemeji," Roselida akasema, "mimi sikuja kukunyang'anya."

"Najua, dada. Umefanya vizuri kuja." Bado alikuwa anahema. "Mtoto ataenda Chakol. Nitampeleka mimi. Atalala kwako siku mbili acheze na wenzake, na Jumapili nitarudi naye."

"Wewe? Na hiyo miguu ya kuku?"

"Hiyo hiyo."

Roselida aliniangalia mimi, na mimi nikaangalia jogoo. Aliinama akafungua kifurushi, akatoa gauni moja na sweta, akavitia kwenye mkoba wake. Nyingine akazirudisha ndani ya nyumba. Kijana wake wa Chakol alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo alinijia mimi. Nilimwambia keria yangu ina bima ya mtu mmoja tu na yeye ni familia. Alinipiga na mkoba akapanda.

Amoit alipanda nyuma ya baba yake na kushika shati lake kwa ngumi mbili.

"Nikufunge?" Echodu akauliza.

"Hapana. Nitashika."

"Sawa. Lakini usinyamaze. Unaskia? Niongeleshe njia yote."

"Niseme nini, papa?"

"Chochote. Hata uongo wa Karani."

Tukaondoka. Mtoto akaanza taratibu, jina la mwalimu wake, jina la mbuzi wa jirani, nani alimpiga nani darasani. Kwenye mwinuko wa mawe zamani Echodu angepiga mluzi, lakini miezi ile ya benchi ilikuwa bado inamdai pumzi. Nusu ya njia alishuka. Hakumshusha mtoto. Alisukuma, mgongo umeinama, jasho linadondoka kwenye lile gurudumu la mbele, na mimi nyuma yao nikimsukuma Roselida.

Tulipofika kwenye lile jiwe Amoit alikuwa katikati ya hadithi ya chura aliyeingia kwenye chupa ya wino. Echodu alisimama. Hakugeuka. Alisimama tu na kungoja.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu mwalimu akaandika naye," mtoto akasema.

Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu, lakini kilitoka tumboni, nilikitambua. Kisha akapanda baiskeli, na kwa vile kutoka pale njia ya Chakol ni mteremko mpaka Malaba, akaachia breki.